Filta ya Chairman

Hapana, hapo umevuka mpaka. Sema mimi nina mdomo, sitakataa, hata mama yangu husema hivyo mbele ya watu wa kanisa. Lakini usikae hapo kwa hoteli na chai yako uniambie ati fundi wetu alibahatisha ile filta, ati aliifunga kienyeji ndio maana gari ikazima njiani. Wewe ulikuwa wapi? Mimi nilikuwa hapo. Bati ilikatwa nikiwa nimeishika na hii mikono, na hiki kidole bado kina alama.

Wacha nikueleze vile ilikuwa. Jina la mtu sitaji, na sababu unaijua.

Gereji yetu ilikuwa nyuma ya maduka, pale unaposhuka kuelekea mtoni. Uwanja tu, na banda moja ya mabati. Ndani ya banda kulikuwa na sanduku la spana za fundi, na picha ya mkubwa wa nchi, ambayo tulikuwa tumeifunga na karatasi ya nailoni isinyeshewe. Bila hiyo picha hata mtu wa kuuza kiberiti angeulizwa maswali. Fundi mwenyewe alikuwa mzee wa maneno machache. Alinichukua nikiwa nimefukuzwa shule kwa sababu ya huu huu mdomo. Akanipa kabini ya lori bovu nilale ndani, akanipa injini iliyokufa nicheze nayo. Kufundisha hakunifundisha. Alisema tu, "Fungua. Ukishindwa kufunga, uniite." Nilimwita mara nyingi, aibu tupu, na hakuna siku alinicheka mbele ya wateja. Kwa hivyo mtu akimgusa yule mzee, mimi macho hufunga giza. Nikuambie mapema.

Sasa Chairman. Alikuwa chairman wa chama upande wetu, mtu wa Elgon View, mtaa wa wakubwa, nyumba ya mawe na maua mpaka kwa geti, na ile beji ya chama alikuwa nayo kwa koti hata akienda kunyolewa. Alikuja asubuhi moja wakati wa kiangazi, mahindi imeshavunwa, vumbi imekaa juu ya kila kitu. Landrova yake iliendeshwa na mzee mmoja wa Kaptagat, mrefu, mkimya, ambaye aliipokea ile gari ikiwa mpya na hakuna mtu mwingine alikuwa ameishika usukani. Ungemkuta anaipangusa na kitambaa chake cha mfukoni.

Chairman akaweka boksi juu ya boneti, polepole, kama mtu anaweka Biblia.

"Fundi, leo utanifungia hii. Imetoka Nairobi. Wakubwa wote siku hizi wanafunga hii."

Fundi akafungua. Ndani kulikuwa na filta ya karatasi, duara, imekunjwa-kunjwa kama marinda ya msichana wa shule, na nyumba yake ya bati iliyopakwa rangi nzuri. Akaizungusha. Akapima na vidole mahali inafaa kukaa. Mimi nilishaona shida kabla aseme.

"Ni kitu safi," akasema. "Lakini Chairman, hii haikutengenezewa Landrova. Mdomo yake ni kubwa kuliko ya kabureta yako. Na hii barabara zetu za vumbi..."

"Mimi nimekuuliza barabara?"

"Hapana, Chairman."

"Jumatatu kuna mgeni kule mji wa Ziwa. Mgeni mkubwa. Nataka kuwa mbele, si kumeza vumbi ya watu. Hiyo sufuria yenu inanivuta nyuma."

Sufuria ndiyo filta ya zamani iliyokuja na gari. Ni kopo zito la chuma, na chini yake unaweka oil. Hewa ikiingia inapitia juu ya ile oil, vumbi inanaswa hapo, injini inavuta hewa safi. Kazi yake ni nzuri lakini ni nzito, na kweli gari inavuta pole. Chairman hakuwa amedanganya hapo. Hata mimi, nitakuambia ukweli, nilitaka kuona ile ya karatasi itafanya nini mlimani.

Basi tukaanza, na yeye amesimama juu yetu. Unajua vile kazi inakuwa mtu akisimama juu yako? Mkono inakuwa ya mtu mwingine. Ilibidi tutengeneze pete ya katikati, ishike filta kubwa upande huu na kabureta ndogo upande ule. Fundi akatafuta kifuniko cha mkebe wa rangi, akachora na msumari, akaniambia nishike. Hapo ndipo bati ilinikata. Nikafunga kidole na kitambaa, tukaendelea. Alipiga ile pete tupa mpaka ukingo ukawa laini kama ukingo wa kikombe. Akakata mpira wa tyubu ya gurudumu, kipande cha juu na kipande cha chini, ya kuziba.

"Hiyo takataka ni ya nini?" Chairman akauliza.

"Ya kuziba, Chairman. Isiingize vumbi."

"Mimi nimeleta kitu ya Nairobi, nyinyi mnaniwekea kifuniko cha rangi?"

"Hicho kifuniko ndicho kitaokoa injini yako," nikasema.

Fundi akanikanyaga mguu, akiwa bado anaangalia kabureta. Chairman akaniangalia kuanzia viatu mpaka kichwa.

"Huyu ni mtoto wa nani?"

"Ni wangu," fundi akasema. Hakuwa amenizaa. Alisema hivyo tu, akaendelea kukaza klipu.

Kwa gereji yetu kulikuwa na sheria moja. Boneti haifungwi mpaka mwenye gari aweke kiganja chake mwenyewe kwa mdomo wa filta, injini ikiwa inanguruma. Ukiziba na kiganja, injini inakosa hewa. Ikikufa, ujue kila kitu imeziba sawa, hewa yote inapita kwa filta. Ikiendelea kunguruma, kuna tundu mahali, inaiba hewa, na pale inaiba hewa ndipo itaiba vumbi. Hapo tunafungua tunaanza upya, hata kama jua linazama. Fundi hakuwahi kuvunja hiyo sheria kwa mtu yeyote.

"Chairman, karibu uweke mkono," akasema.

"Mimi? Na hii shati?"

Basi yule dereva akaja. Alikunja mkono wa shati polepole, akauliza, "Hapa?" Fundi akamwonyesha. Akaweka kiganja. Injini ikavuta kile kiganja, ikakohoa, gari nzima ikatetemeka, ikakufa. Kimya. Yule mzee akaangalia mkono wake, akacheka na lile pengo lake la meno ya chini.

"Imenibusu," akasema.

Tukacheka wote. Tukawasha tena, akaweka tena, ikakufa tena. Hakuna tundu. Sasa wewe unayesema kubahatisha, niambie hapo kubahatisha iko wapi.

Kawaida, baada ya hapo, fundi humshika dereva bega, wanazunguka gari, anamweleza vile atatunza. Hiyo siku hakupata nafasi. Chairman alikuwa ameshaingia kwa gari anapiga honi.

"Tunakaa hapa mpaka Krismasi?"

Dereva akakimbia. Fundi akafunga boneti, akaweka ile sufuria ya zamani ndani ya gunia, akairusha nyuma ya kiti. Wakaenda. Ilipanda pale kwa maduka ikilia sauti nzito, sauti tamu, mimi nikapiga makofi kama mjinga.

Jumatatu habari zilifika kabla ya gari. Mtu wa kuuza viazi alikuja amekunja tumbo kwa kicheko. Chairman alikuwa mbele ya wote kwa ile barabara ya Ziwa, kweli, mbele kabisa. Halafu gari ikaanza kutoa moshi mweusi, ikakohoa, ikazima kwa mlima. Magari ya mgeni yakampita, moja moja, yakamwachia vumbi. Alifika Ziwa juu ya trela ya trekta, amesimama katikati ya mikebe ya maziwa, na siku hiyo ilikuwa ya soko. Mama mmoja akasema kwa sauti, "Leo Chairman ameletwa na maziwa!" Soko lote likavunjika mbavu.

Fundi hakucheka. Aliweka spana chini.

"Wamemcheka?" akauliza.

"Wamemcheka mpaka akarudi nyuma ya jukwaa."

"Basi atakuja hapa," fundi akasema.

Alikuja asubuhi iliyofuata. Trekta ilikuwa inavuta Landrova, na yeye alikuwa kwa gari ya mtu mwingine, na vijana wawili wa chama wenye rungu, na askari mmoja. Pingu niliziona kwanza, zilikuwa zinaning'inia kwa mshipi wa yule askari. Dereva alikuwa ameketi kwa usukani wa ile Landrova iliyokufa. Akashuka, akasimama kando ya mlango wake, akakaa hapo.

"Nani amekutuma?" Chairman akamwambia fundi. Hata salamu hakuna.

Sasa wewe unajua hilo swali. Likiulizwa na mtu kama yule, mbele ya askari, halina jibu. Ukisema hakuna, unaficha. Ukitaja mtu, umemuuza. Kulikuwa na watu tunaowajua waliulizwa hilo swali na hawakulala nyumbani kwao.

"Chairman, acha kwanza niangalie gari," fundi akasema.

"Nakuuliza nani amekutuma uniharibie jina mbele ya mgeni! Ulilipwa na nani?"

Mimi hapo moto ulishashika. "Hakuna mtu amemtuma! Hiyo kazi ilifungwa sawa. Dereva wako mwenyewe aliweka mkono, ikakufa mara mbili! Kuja, kuja uone. Nafungua hapa hapa mbele ya askari, kila mtu aone!"

"Kijana, ngoja," fundi akasema.

Sikungoja. Niliinua boneti, nikafungua ile nati ya juu, nikanyanyua kifuniko. Nilikuwa na hakika nitatoa karatasi kavu, safi, na vumbi kidogo, niionyeshe kama mtu anaonyesha kitambulisho. Ilitoka inadondoka. Oil. Ile karatasi yote ilikuwa imelewa oil, nyeusi, nzito kama andazi lililotolewa kwa mafuta kabla ya wakati, na chini kwenye nyumba yake ya bati oil ilikuwa imetulia kama supu. Gari ilikuwa inavuta hewa kupitia tambara lililolowa, na oil inaingia kwa injini nayo.

Nilisimama nayo mkononi, inanidondokea kwa viatu.

"Mmeona?" Chairman akasema, na sasa alisema polepole, ndio nikaogopa. "Askari, umeona? Wametia oil mahali pa kupumua. Amefungua mwenyewe, hata sikumwambia."

Mimi ndiye nilimpa huo ushahidi. Na yule askari, ambaye mpaka hapo alikuwa anaangalia kuku wa jirani, akaanza kufungua pingu kwa mshipi.

Niliangalia fundi. Fundi hakuwa ananiangalia mimi, wala Chairman. Alikuwa anaangalia dereva. Na dereva alikuwa anaangalia chini. Hapo nikaelewa. Jumamosi. Dereva yeyote wa Landrova anayejua kazi, Jumamosi anafungua ile sufuria, anamwaga oil chafu, anaosha na mafuta ya taa, anaweka oil mpya mpaka kwa alama. Yule mzee alikuwa amefanya hivyo Jumamosi zote tangu ile gari iwe mpya. Kwa nini Jumamosi hiyo asifanye? Nani alimwambia karatasi haitaki oil?

"Chairman," fundi akasema. "Kazi ni yangu. Kama kuna kosa, ni kosa langu. Hakuna mtu alinituma." Akanyosha mikono.

Hivyo tu. Kama mtu anangoja maji ya kunawa.

"Mzee, hapana," nikasema.

"Nyamaza."

"Mzee, lakini Jumamosi..."

"Nimesema nyamaza!" Hakuwahi kunipigia kelele tangu nimjue.

Nikaangalia dereva. Midomo yake ilikuwa inacheza, sauti haitoki. Askari akashika kifundo cha mkono wa fundi, ule wa kulia, na ile chuma ikalia.

"Ni yeye!" nikasema, nikaonyesha kidole. "Muulize dereva wako Jumamosi alifanya nini! Muulize!"

Chairman akageuka. Dereva alitoa kofia, akaishika kwa kifua.

"Niliweka oil," akasema. "Jumamosi nilifungua, nikakuta kavu kabisa. Nikafikiri hawa vijana kwa haraka wamesahau kuweka. Nikaweka mimi. Sikukuambia, Chairman, kwa sababu ungekuja kugombana na fundi." Akaikunja ile kofia. "Nilikuwa nawafichia."

Unasikia? Alikuwa anatufichia sisi. Ile pingu ilikuwa imeshika mkono mmoja tu wa fundi, huo mwingine bado umenyoshwa. Kijana mmoja wa chama akapasua kicheko, akakimeza haraka.

Watu husema Chairman alimpiga. Hakumpiga. Alinyosha mkono. "Funguo."

Yule dereva akampa. Funguo ya gari na ya chumba chake pale Elgon View zilikuwa kwa kamba moja. Akajaribu kutoa ile ya chumba, vidole vikamshinda.

"Zote," Chairman akasema. "Vitu vyako vitoke kwa boma yangu leo."

Akamwambia askari amfungue fundi. Halafu, kama hakuna kitu kimetokea, akasema gari isafishwe, irudishiwe sufuria yake, atatuma mtu kuichukua. Na tuliisafisha. Ulifikiria tungekataa? Tuliosha kabureta, tukakausha plagi, tukarudisha ile ya zamani, na fundi hakuniambia hata nipe spana. Alijichukulia mwenyewe. Jioni akaosha mikono muda mrefu, ndio akasema.

"Mimi wangenishika, wangeniuliza maswali, wangeniachilia. Nina banda, nina watu. Yule dereva ana nini?"

"Nani alikuambia wangekuachilia?"

"Nilikuambia unyamaze."

"Ninyamaze uende?"

"Ndio," akasema. "Ninyamazie niende." Akachukua koti lake.

Alikaa hivyo na mimi wiki nyingi, salamu asubuhi, salamu jioni, katikati hakuna. Halafu siku moja akanipa sukari na majani ya chai na unga, akasema, "Peleka Kaptagat." Hakusema kwa nani.

Nilimpata yule mzee dereva anapasua kuni nje ya nyumba ya kaka yake, ukingoni mwa msitu, na vijana wa mazoezi ya mbio wanapita barabarani wakihema kwa ule ubaridi. Alichukua ule mzigo na mikono miwili. Akaniletea kigoda, akaita chai. Mimi nilikuwa nimejipanga njia yote, atanitukana, nitamjibu. Kumbe alianza na gari.

"Injini iliharibika?"

"Hapana, mzee. Tuliiwahi."

"Vizuri. Ile ni injini nzuri." Akapuliza chai yake. "Wewe kijana uko na mdomo kama eksosi imetoboka."

"Pole, mzee."

"Usiniambie pole. Sikuwa nataka pole. Ningesema mwenyewe."

"Lini?"

"Hapo hapo. Nilikuwa natafuta maneno."

"Pingu ilikuwa imeshamshika mkono!"

"Niliiona. Mimi si kipofu." Aliweka kikombe chini. "Mimi ni mtu mzima. Nimebeba watoto wa yule mtu hospitali, nimezika baba yake. Ningesimama mbele yake niseme, Chairman, ni mimi. Angenifukuza, sawa. Lakini ningekuwa nimesema. Wewe ukanitoa kama mtoto ameiba sukari."

Nikamaliza chai. Akanisindikiza mpaka barabarani, akaniambia nimsalimie fundi, akarudi kwa kuni zake.

Njia yote ya kurudi mjini nilikuwa nagombana naye peke yangu, na bado nagombana. Labda alikuwa karibu kusema. Labda maneno yalikuwa yamefika kwa meno. Lakini mimi niliangalia ile midomo, na hakuna kitu ilikuwa inatoka, na chuma ilikuwa imeshalia kwa mkono wa mtu aliyesema mimi ni wake. Sasa wewe mwenye adabu, wewe mwenye subira, hebu niambie kwa ukweli: ungengoja?